Friji Iliyowashwa kwa Kiberiti

Kila asubuhi mtu alipiga magoti mbele ya kabati jeupe la bati, akavuta tangi dogo lililokaa chini yake, akaongeza mafuta ya taa, akausawazisha utambi kwa mkasi, kisha akawasha kiberiti. Akainama tena, shavu karibu na sakafu, kuutazama mwali. Ukiwa wa buluu, alisimama na kwenda zake. Ukiwa wa njano, alijua masizi yatapanda kwenye bomba la moshi, na kufikia jioni siagi itakuwa imeyeyuka. Juu ya moto huo, mahali ambapo mkono ungeweza kufika, maji yalikuwa yakiganda kuwa barafu.

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki walioishi mbali na miji mikubwa, hiyo ndiyo friji ya kwanza kuiona kwa macho. Ilikuwa misheni, au zahanati, au nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, au kwenye duka lililouza soda karibu na stesheni ya treni. Mtoto aliyeambiwa kwamba moto ule ndio unaotengeneza barafu alidhani anataniwa.

Leo mtu akiingia dukani kutafuta friji ya jikoni huonyeshwa rangi, idadi ya milango, droo ya mboga na kitasa kinachong'aa. Muuzaji huanzia hapo. Mnunuzi mwenye busara huanzia kwingine, na swali lake ni lilelile lililoulizwa na waliopiga magoti mbele ya utambi: hii inakula nini? Kiswahili kimelihifadhi swali hilo vizuri, maana watu husema friji fulani inakula umeme kama wanavyosema ng'ombe anakula majani. Historia nzima ya friji katika nyumba za ukanda huu imo ndani ya swali hilo.

Kabla ya friji, jiko halikuwa na pengo lililoisubiri. Maji ya kunywa yalikaa kwenye mtungi wa udongo uliowekwa penye kivuli na upepo. Maji machache yalipenya kwenye vitundu vya udongo, yakafika nje, yakakauka, na katika kukauka yakachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Pwani, mtungi ulifukizwa ubani au udi kabla ya kujazwa, na mgeni aliyepewa kata ya maji hayo alipata ubaridi na harufu kwa pamoja. Samaki walipasuliwa na kuanikwa wakawa ng'onda, papa alitiwa chumvi, dagaa walikaushwa juani, na samaki wa ziwani walibanikwa kwa moshi. Wafugaji wa Bonde la Ufa waligandisha maziwa kwenye vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa wa miti maalumu. Kaskazini mwa Kenya, nyama ilikatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka, kisha ikazamishwa kwenye samli, ikawa nyirinyiri ya kuliwa kwa wiki nyingi.

Chakula kilichobaki usiku hakikutupwa. Kilipashwa moto asubuhi kikawa kiporo, au mwiku kama wanavyosema wengine, na wapo wanaoapa kwamba maharage ya nazi huwa matamu zaidi siku ya pili. Kitoweo kilinunuliwa kila siku, kwa kiasi cha siku hiyo. Ni kosa kuuona utaratibu huo kama upungufu. Ulikuwa elimu kamili ya kuhifadhi chakula, yenye kanuni zake, na ndio uliofanya friji ilipofika ichukuliwe kwanza kuwa chombo cha vinywaji. Hata sasa, katika mikahawa mingi kuanzia Kisumu hadi Mbeya, mhudumu akiagizwa soda huuliza: baridi au ya moto? Ya moto maana yake ni ile tu ambayo haikuwekwa kwenye friji, na wanaoitaka bado ni wengi.

Kwingineko duniani, baridi ilianza kuuzwa kama shehena kabla ya kutengenezwa na mashine. Mwaka 1806 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alipakia melini barafu iliyokatwa kwenye bwawa wakati wa baridi kali na kuipeleka kisiwa cha Martinique. Watu wa mji wake walimcheka, na safari ile ya kwanza ilimtia hasara. Hakuacha. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany iliondoka Boston na tani 180 za barafu, ikavuka ikweta mara mbili kwa muda wa miezi minne, ikatia nanga Calcutta ikiwa na tani zipatazo 100 ambazo hazijayeyuka. Siri ilikuwa unga wa mbao, uliopatikana kwa bei ya chini kwenye viwanda vya kupasulia magogo. Mwezi Septemba mwaka huohuo, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na baada yake meli za Salem, bandari iliyo jirani na Boston, zikazoea njia ya Zanzibar. Shehena iliyokumbukwa huku haikuwa barafu bali kitambaa: merikani.

Mashine zilikuja polepole. Jacob Perkins alipata hataza yake London mwaka 1834, kwa mtambo uliobana mvuke na kuuachia ili uchukue joto. Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha friji nyingi hadi leo. Lakini kwa muda mrefu mitambo hiyo ilikuwa mikubwa kama chumba, ikitumika kwenye viwanda vya bia, machinjio na meli za nyama. Jikoni, nyumba za Marekani na Ulaya ziliendelea kutumia kabati la mbao lenye bonge la barafu ndani, lililoletwa na mchuuzi wa mtaani. Friji ya umeme ya nyumbani ilipata umaarufu wa kweli Marekani kuanzia mwaka 1927, General Electric ilipotoa ile iliyobeba kompresa kichwani kama kofia ya duara. Zaidi ya milioni moja ziliuzwa.

Tatizo lilikuwa ndani ya mabomba. Gesi zilizotumika wakati huo zilikuwa amonia, salfa dayoksaidi na kloraidi ya methili, zote za hatari. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu kadhaa walikufa Chicago baada ya kloraidi ya methili kuvuja kutoka kwenye friji za majumba ya kupanga. Ajali za namna hiyo ziliwagusa hata wanafizikia: Albert Einstein na Leo Szilard walifanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa kuanzia 1926 wakibuni friji isiyo na sehemu yoyote inayozunguka wala kusugua, ili kusiwe na maungio ya kuvuja. Walipata hataza nyingi, lakini friji yao haikufika sokoni.

Waliofika sokoni ni vijana wawili wa Stockholm. Baltzar von Platen na Carl Munters walikuwa bado wanafunzi wa uhandisi mwaka 1922 walipobuni friji isiyohitaji kompresa. Ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa kulikuwa na amonia, maji na haidrojeni. Moto mdogo ulichemsha amonia ikatoka kwenye maji. Mvuke wake ukapanda, ukapoa nyuma ya kabati ukawa kimiminika. Kimiminika kikashuka hadi kwenye chumba chenye haidrojeni, kikageuka mvuke tena na kunyonya joto la chakula. Kisha amonia ikanywewa na maji na kurudi ilikotoka. Hakuna kilichozunguka, hakuna kelele. Electrolux ikaanza kuitengeneza mwaka 1925, na kwa kuwa ilihitaji joto tu, ilikubali kuendeshwa kwa umeme, gesi au mafuta ya taa.

Mafuta ya taa! Hapo ndipo chombo hiki kilipokutana na Afrika Mashariki.

Umeme wa hapa ulianza kama anasa ya kasri. Kampuni ya umeme ya Kenya huhesabu historia yake tangu jenereta ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar aliinunua mwaka 1875 ili kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu, jenereta iliyokuja kununuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, mwaka 1908. Mwaka huo wa 1908 Wajerumani nao waliweka umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi Wazungu. Mwaka 1931 serikali ya Tanganyika ilikabidhi huduma hiyo kwa kampuni mbili: DARESCO, iliyohudumia Dar es Salaam na baadhi ya miji ya njia ya reli, na TANESCO, iliyoelekea Tanga na mashamba ya mkonge kwa kutumia maporomoko ya mto Pangani. Ramani ya nyaya ilifuata ramani ya mapato. Nje ya ramani hiyo palibaki karibu nchi nzima.

Mafuta ya taa, kwa upande mwingine, yalikuwa yamekwisha kufika kila duka. Yaliuzwa kwa debe, kwa chupa, na kwa kipimo kidogo cha kujaza kibatari. Kwa hiyo friji ya utambi ikasafiri kwa lori na treni hadi mahali ambapo nguzo ya umeme isingeonekana kwa miaka arobaini.

Kuimiliki kulihitaji subira. Ilipaswa kusimama sawasawa kabisa, kwa sababu vimiminika vyake vilitembea kwa mteremko tu. Sakafu ikiwa na mwinamo, mzunguko ulikwama na friji ikawa kabati la kawaida. Waliojua walipima kwa bakuli la maji lililowekwa juu yake, wakasukuma vipande vya ubao chini ya miguu. Upepo wa dirishani uliyumbisha mwali. Mafuta yenye maji au uchafu yaliziba utambi. Na friji ilipokataa kupoza kabisa, kulikuwa na dawa iliyoonekana kama uganga: izimwe, ipinduliwe kichwa chini usiku kucha, kisha isimamishwe na kuwashwa. Mara nyingi ilipona, kwa kuwa vimiminika vilivyokwama mahali pasipo pake vilikuwa vimechanganyika upya.

Ilikula, kutegemea ukubwa wake na joto la chumba, nusu lita hadi zaidi ya lita moja ya mafuta kwa siku. Kwa familia ya mkulima, hayo yangewasha taa usiku mwingi. Ndiyo maana haikuwa friji ya kila nyumba. Ilikuwa ya mahali palipokuwa na sababu nzito ya kutafuta baridi, na hakuna sababu iliyozidi chanjo. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa chanjo kwa watoto wote mwaka 1974, dozi za surua na polio zilihitaji kukaa kwenye baridi kutoka uwanja wa ndege hadi kijijini, na mahali pengi friji pekee ya kutegemewa ilikuwa ile ya mafuta ya taa. Muuguzi aliyejua kukata utambi vizuri alikuwa sehemu ya kinga ya watoto, sawa na sindano yenyewe. Watu hao hawajapewa heshima yao ya kutosha.

Mijini mambo yalikuwa mengine. Baada ya uhuru, maofisa na walimu waliopangishwa nyumba zenye umeme walianza kununua friji za kompresa, moja moja, na kuziweka sebuleni. Jambo hilo huwashangaza wageni mpaka leo, lakini lina mantiki yake. Jiko la nyumba nyingi lilikuwa uani, penye moshi wa kuni au mkaa, lisilo na soketi wala kufuli. Sebuleni palikuwa na umeme, ulinzi, na macho ya wageni. Friji ikavishwa kitambaa cha kufumwa juu yake, ikawekewa maua ya plastiki, na chupa za maji zikapangwa mlangoni.

Miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania ilipungukiwa na karibu kila kitu, kuanzia sabuni, na friji mpya haikuwa jambo la kuzungumzia. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, na enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa, ikapanua mlango huo. Vyombo vikaingia kutoka Dubai, Zanzibar ikawa soko, na baada ya hapo yakaja makontena ya friji za mtumba kutoka Ulaya. Mnunuzi wa friji ya mtumba alijifunza mtihani wake: ichomekwe palepale, isikilizwe kompresa inavyonguruma, karatasi ibanwe kwenye mpira wa mlango na kuvutwa. Ikichomoka bila kukaza, mpira umekufa.

Kitu kimoja hakikuonekana kwa mtihani huo, nacho ni gesi. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walikuwa wametengeneza gesi isiyo na sumu wala harufu, iliyokuja kujulikana kama Freon. Mwaka 1930 aliivuta mdomoni mbele ya wanakemia wenzake na kuipuliza kwenye mshumaa, ukazimika, kuonyesha kwamba haiui wala haiwaki. Hofu ya friji ikaisha. Ilichukua hadi 1974 kwa Mario Molina na Sherwood Rowland kueleza kwamba gesi za jamii hiyo zikipanda angani huharibu ozoni, na hadi 1985 kwa wanasayansi wa Uingereza kuripoti jinsi tabaka hilo lilivyokuwa likipungua vibaya juu ya Antaktika. Itifaki ya Montreal ya 1987 ikaanza kuziondoa.

Nchi tajiri zilipobadilisha friji zao, za zamani hazikuyeyuka. Nyingi zilipanda meli kuja Afrika, na gesi yake ndani na kompresa yake yenye uchu wa umeme. Ghana ilichoka kwa sauti: ilitunga sheria mwaka 2008 ya kuzuia friji za mtumba na kuanza kuitekeleza kwa nguvu mwaka 2013. Gesi zilizochukua nafasi ya Freon hazikuiumiza ozoni, lakini zilibainika kuongeza joto la dunia kwa kiwango kikubwa, na makubaliano ya kuzipunguza yalifikiwa Kigali mwezi Oktoba 2016. Jina la mji wa ukanda huu limo sasa katika kila mazungumzo ya gesi ya friji duniani.

Mafundi wa mitaani waliishi historia hiyo kwa mikono yao. Fundi friji aliyezoea kujaza gesi ya zamani alilazimika kusoma kibandiko nyuma ya kompresa kabla ya kugusa chochote, maana R12, R134a na R600a hazichanganywi. Hii ya mwisho, isobutani, ndiyo iliyomo kwenye friji nyingi mpya za nyumbani. Ilipata nguvu Ujerumani mwaka 1993, kiwanda cha Foron kilipoitumia kwa msukumo wa Greenpeace. Inawaka, ni kweli, lakini friji ya nyumbani kwa kawaida haina hata gramu 150 za gesi hiyo. Fundi anayewasha moto wa kuunganishia bomba bila kuitoa kwanza ndiye aliye hatarini.

Halafu kuna kukatika. Tanzania ilipitia mgao mkali wa umeme mwaka 2006 na tena 2011, mabwawa yalipokauka. Zanzibar, iliyokuwa ikipata umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980, ilikaa gizani takriban mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, kisha kama miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Nyumba zenye mafriza zilipika kila kilichokuwemo na kugawa kwa majirani, mtungi ukarudi kwenye kona yake, na ng'onda hakumwangusha mtu.

Vipindi hivyo vilifundisha uchaguzi kuliko tangazo lolote. Watu walitambua kwamba umeme unaporudi ni hatari zaidi kuliko unapoondoka: kompresa ikilazimishwa kuanza kabla msukumo wa gesi haujatulia, inaungua. Kikaingia sokoni kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika chache na kuukata ukiwa mwingi au mdogo mno, na leo wauzaji wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Nairobi hukitaja pamoja na bei ya friji. Watu waligundua pia faida ya friza ya kulala, ile inayofunguliwa kwa juu. Hewa baridi ni nzito. Mfuniko ukiinuliwa inabaki chini, wakati friji ya kusimama humwaga ubaridi wake miguuni kila mlango unapofunguliwa. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri huweza kuhifadhi baridi kwa siku mbili hivi bila umeme. Friji ya kawaida huhimili kama saa nne.

Friza hiyo ndiyo iliyobadilisha hesabu ya kina mama wa mitaa mingi. Juisi ya ukwaju, ubuyu au embe hutiwa kwenye vifuko vya plastiki au vikombe, inagandishwa usiku, na watoto wanaotoka shule hubisha hodi na sarafu mkononi. Wengine huuza mabonge ya barafu kwa wachuuzi wa samaki na wenye vibanda vya vinywaji. Kwa mwanamke wa namna hiyo, friza inakula umeme, lakini inaurudisha. Mita za LUKU za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilizoanza kutumika Tanzania katika miaka ya 1990, zilimfanya aione hesabu hiyo kwa tarakimu: uniti zilizoingia, uniti zilizoliwa.

Anayenunua leo hukutana na tabaka zote za historia hii kwenye kibandiko kimoja. Herufi T humweleza kwamba friji imetengenezwa kufanya kazi hata chumba kikiwa na nyuzi 43. Yenye N peke yake iliundwa kwa nyumba isiyozidi nyuzi 32, na Dar es Salaam ya Februari huvuka hapo bila shida. Kenya, kwa kanuni za 2016, imeweka lebo ya nyota zinazoonyesha matumizi ya umeme. Jina la gesi lipo. Lita zipo. Kisichoandikwa ni kama nyumba hiyo hununua samaki kila jioni au mara moja kwa wiki, na hilo ndilo linaloamua kama lita 90 zinatosha au 300 hazitoshi. Friji kubwa iliyo nusu tupu katika nyumba inayokwenda sokoni kila siku inapoza hewa tu.

Friji za utambi zimestaafu. Shirika la Afya Duniani limeacha kuzipendekeza kwa chanjo, na juu ya mapaa ya zahanati kuna paneli za jua zinazoendesha friji moja kwa moja mchana, na barafu iliyomo hutunza baridi usiku. Mafriza yaliyoungua hayajastaafu bado. Kwenye masoko ya samaki huonekana yamelazwa chali, kompresa imeng'olewa, waya umekatwa, lakini kuta zake nene bado zinazuia joto. Mchuuzi humwaga barafu iliyopondwa, akapanga vibua na changu juu yake, akaongeza barafu, akafunika kwa gunia bichi. Akiulizwa bei ya friza lenyewe hucheka na kusema haliuzwi: halili umeme.